Brashi Ikikwama Ndani ya Mtutu wa Bastola: Hatua za Kuchukua

Wilaya ya Kyela, iliyo katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mkoani Mbeya, ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi nchini. Unyevu unaostawisha mpunga na kakao ndio huohuo unaoleta kutu kwenye chuma. Kwa sababu hiyo, mwananchi anayemiliki bastola kwa leseni, awe Matema au mpakani Kasumulu, hulazimika kuisafisha mara kwa mara. Katika usafishaji huo, brashi au kitambaa huweza kukwama ndani ya mtutu.

Katika bastola ya silinda, fremu huziba njia ya nyuma, hivyo ufito wa kusafishia huingizwa kupitia mdomo wa mtutu. Brashi inaposukumwa, nyuzi zake hulala kuelekea nyuma. Ikivutwa kabla haijatokeza upande wa pili, nyuzi hizo hung'ang'ania mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Kitambaa kinene kupita kiasi nacho hujikunja na kuziba njia.

Hali hiyo ikitokea, hatua ya kwanza ni kufungua au kuondoa silinda, kutoa risasi zote na kuziweka chumba kingine. Kisha mafuta mepesi ya kulainishia yadondoshwe pande zote mbili za kilichokwama na kuachwa kwa saa kadhaa. Baada ya hapo ufito usukumwe taratibu kuelekea upande uliokuwa ukienda, ukiachwa uzunguke kwa kufuata mifereji, hadi brashi itokeze kwenye nafasi ya silinda.

Kugonga kwa nyundo, kupasha moto au kutoboa kwa mashine huharibu mtutu. Hatari kubwa kuliko zote ni kufyatua risasi kwa matumaini kwamba itasukuma kilichokwama. Risasi ikikuta njia imezibwa, mtutu huweza kuvimba au kupasuka, na vipande vya chuma vikamjeruhi au kumuua mfyatuaji na walio karibu naye.

Endapo ufito umekatikia ndani au hausogei, mmiliki asiipeleke silaha kwa fundi baiskeli wala mchomeleaji wa mtaani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka umiliki wa silaha na kazi ya ufundi wake chini ya leseni. Mmiliki atoe taarifa kituo cha polisi ili aelekezwe namna ya kumfikia fundi anayetambuliwa kisheria. Hadi wakati huo, bastola ifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki.

Kinga ni rahisi kuliko tiba: brashi iwe ya kipimo cha mtutu husika, kwani ya .38 haifai kwenye mtutu wa .32, na ipite hadi mwisho kabla ya kurudishwa.