Mikopo ya Nyumba Inaposhuka Desemba

Karibu kila mwanzo wa mwaka magazeti ya Uingereza hutangaza kwamba mikopo ya nyumba imeshuka, na haipiti siku mbili kabla ya mtu kutabiri kuwa bei nazo zinakwenda kuanguka. Takwimu zenyewe si za uongo. Fedha ambazo benki hutoa kwa wanunuzi wa nyumba Januari na Februari huwa pungufu kuliko zile za Juni na Julai. Kosa liko katika tafsiri. Mshuko unaoletwa na msimu hausemi lolote kuhusu afya ya soko mpaka msimu wenyewe uondolewe kwenye hesabu. Lakini kile kinachobaki baada ya kuuondoa kinastahili kushughulikiwa kwa uzito mkubwa kuliko tunavyofanya, kwa sababu idadi ya mikopo hubadilika mapema na bei hufuata nyuma kwa mbali.

Tuanze na sababu za msimu, maana ndizo husahaulika. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri, na mtu anayetoka kazini jioni hawezi kukagua paa wala bustani ya nyumba anayotaka kuinunua. Ofisi za wanasheria, wathamini na benki hufungwa wakati wa Krismasi. Mwaka wa shule huanza Septemba, kwa hiyo wazazi wengi hutaka wawe wamehamia kabla ya hapo, na hilo husukuma ununuzi kwenye miezi ya kiangazi. Isitoshe, sheria ya Uingereza na Wales haiwafungi muuzaji na mnunuzi mpaka wabadilishane mikataba, na mara nyingi anayeuza naye anangoja nyumba ya mtu mwingine, kwa hiyo miezi kadhaa hupita kati ya makubaliano ya bei na siku ya kukabidhiwa funguo. Fedha zilizotolewa Februari ni matunda ya maamuzi yaliyofanywa Oktoba au Novemba. Anayezisoma kama habari za Februari anasoma barua ya zamani. Hata idadi ya siku za kazi ina uzito wake: Februari 2025 ilikuwa na siku 20 za kazi, Julai ya mwaka huohuo ikawa na 23. Pale mwaka wa shule unapoanza Januari, muuza sare za shule hawezi kusema wazazi wamefilisika eti kwa kuwa mauzo ya Machi hayakufikia ya Januari.

Kwa ajili hiyo Benki Kuu ya Uingereza, inapochapisha kila mwezi idadi ya mikopo iliyoidhinishwa kwa ununuzi wa nyumba, huirekebisha kwanza ili kuondoa athari ya msimu. Watakwimu huchunguza miaka iliyopita, wakakadiria Desemba ya kawaida huwa chini ya wastani kwa kiasi gani, kisha wakaipandisha Desemba hii kwa kiasi hicho. Ikiwa idadi bado imeshuka baada ya hapo, baridi na sikukuu haziwezi tena kulaumiwa. Tofauti hii ndiyo inayopotea magazetini, kwani takwimu ghafi na takwimu zilizorekebishwa huandikwa kwa maneno yaleyale, na msomaji haambiwi ni ipi amepewa.

Wapo watakaosema kwamba marekebisho hayo ni makadirio ya wataalamu tu, na mtu halipi nyumba kwa fedha zilizorekebishwa. Pingamizi hili lina nguvu, na ushahidi wake upo. Mwaka 2010, wasimamizi wa faharasa ya bei za nyumba ya Case-Shiller nchini Marekani walitangaza kwamba wanaiamini zaidi faharasa isiyorekebishwa, kwa kuwa wimbi la nyumba zilizonadiwa na benki lilikuwa limevuruga mpangilio wa misimu ambao hesabu ziliutegemea. Uingereza nako, idadi ya mikopo iliyoidhinishwa Desemba 2022 ilichapishwa mwanzo kuwa karibu 35,600. Katika toleo lililofuata ikasahihishwa hadi karibu 40,500. Tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo haivunji hoja. Septemba ya mwaka huo idadi ilikuwa imepita 65,000, kwa hiyo ukichukua ya mwanzo au iliyosahihishwa, anguko linabaki anguko. Kinachofundishwa hapa ni kutoujengea mwezi mmoja hukumu, na kungoja mitatu au minne ielekee upande mmoja.

Wengine hupendekeza njia rahisi zaidi: linganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka jana, msimu utajiondoa wenyewe. Mara nyingi njia hii inatosha. Inakwama pale mwaka uliopita ulipokuwa wa ajabu. Mei 2020, nchi ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, mikopo iliyoidhinishwa haikufika 10,000. Yeyote aliyelinganisha Mei 2021 na mwezi huo aliona ongezeko la kutisha ambalo halikuwa na maana yoyote.

Kuna pia mishuko inayofanana na ya msimu ilhali mzazi wake ni serikali. Aprili 2025 nafuu ya ushuru wa stempu unaotozwa wanunuzi wa nyumba ilipunguzwa: kiwango cha bei kisichotozwa kilirudi kutoka pauni 250,000 hadi 125,000, na kwa wanaonunua nyumba ya kwanza kutoka 425,000 hadi 300,000. Watu wakakimbilia kumaliza mikataba Machi. Mauzo ya nyumba, tena yakiwa yamekwisha kurekebishwa kwa msimu, yalipita 170,000 mwezi huo, kisha Aprili yakawa karibu 65,000. Hakuna hesabu ya msimu inayoweza kuliona jambo hilo, kwa sababu halirudi kila mwaka. Wanunuzi wa Aprili walikuwa wamenunua Machi. Ndiyo maana anayesoma takwimu hizi anapaswa kuwa na kalenda ya sheria za kodi mkononi, si kalenda ya hali ya hewa peke yake.

Lakini ninaloliogopa zaidi ni kosa la upande wa pili, la wale waliokwisha kujifunza kuhusu misimu na sasa wanautumia msimu kama jibu la kila kitu. Tarehe 23 Septemba 2022 Waziri wa Fedha Kwasi Kwarteng alitangaza bajeti ndogo yenye punguzo kubwa la kodi lisilo na chanzo cha fedha. Masoko ya dhamana yakashtuka, benki zikaondoa mamia ya aina za mikopo, na Oktoba riba ya wastani ya mikopo ya riba isiyobadilika kwa miaka 2 ikapita asilimia 6. Familia iliyokuwa imepiga hesabu ya riba ya asilimia 2 mwaka mmoja kabla ilijikuta haiwezi tena kukopa kiasi kilekile. Mshuko ulianza vuli na kuingia majira ya baridi, wakati ambao kila mwaka soko hupoa, na ilikuwa rahisi kusema, mambo haya yatapita Machi. Idadi zilizorekebishwa zilikuwa zinakataa waziwazi. Oktoba zilishuka, Novemba zikashuka, Desemba zikashuka, na Januari 2023 zikashuka tena kidogo.

Bei zilichelewa kuonyesha hayo, na kuchelewa huko kuna sababu ya kibinadamu. Mwenye nyumba anakumbuka jirani yake aliuza kwa kiasi gani. Mnunuzi akikosa mkopo wa kufikia bei hiyo, muuzaji haipunguzi mara moja. Huondoa tangazo, au husubiri, na mauzo hupungua huku bei ikionekana imara. Ni wale wanaolazimika kuuza, kwa talaka, kifo, au kazi ya mji mwingine, ndio wanaokubali kidogo kwanza. Katika faharasa ya bei za nyumba ya mkopeshaji Nationwide, mshuko wa bei wa mwaka mzima ulifikia asilimia 5.3 Agosti 2023, miezi 11 baada ya bajeti ile. Familia iliyonunua Januari 2023 kwa sababu bei zilionekana bado zimesimama ilikuwa na takwimu za mikopo za miezi kadhaa mfululizo zikiionyesha soko linakokwenda, na zilikuwa zimechapishwa bure kwa kila mtu.