Binti Akitaka Muhula wa Ng'ambo, Jibu Litoke Kabla ya Fomu

Zamani mtoto wa Pwani alipoaga kwenda kusoma ng'ambo, jamaa walijua hawatamwona kwa miaka minne au mitano. Siku hizi kumezuka safari ya namna nyingine. Mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa katika chuo kikuu cha hapa Kenya huenda nje kwa muhula mmoja tu, miezi minne au mitano, kisha akarudi kuimalizia shahada yake hapa hapa. Vyuo vyetu kadhaa vina mikataba ya kubadilishana wanafunzi, na mlango uliozoeleka zaidi ni mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya. Ulianza mwaka 1987 kwa nchi za Ulaya zenyewe, na sasa huwapokea wanafunzi wa Afrika pia. Uturuki nayo imo ndani yake, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui.

Tumelishika jambo hili kwa sababu ya swali linalotufikia mara kwa mara, na karibu kila mara hutufikia likiwa limechelewa. Binti amejaza fomu kimyakimya kwa kuogopa kukatazwa. Amehojiwa, amefuzu, jina limetoka. Hapo ndipo baba anaposikia, nyumba ikawaka moto, na mama akawa anavutwa huku na huku. Mwisho wake binti huandika barua ya kuikataa nafasi wiki chache kabla ya safari, na nafasi hiyo haipati mwingine wa kuijaza. Kaka yake angepewa begi na dua. Hatusemi kwamba kila binti aruhusiwe. Tunasema kwamba jibu la mzazi, liwe ndiyo au la, lina wakati wake, na wakati huo ni kabla ya fomu kutumwa.

Tulianze lililo zito. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, asili ni kwamba mwanamke hasafiri safari ndefu bila maharimu wake, na wanazuoni wakaruhusu Hija ya faradhi akiwa pamoja na wanawake waaminifu. Katika zama zetu wako waliolipima katazo hilo kwa sababu yake, yaani kuhofia usalama wa njia. Wakaona kwamba panapokuwa na amani, wenziwe wa kuaminika na makazi yanayojulikana, kuna nafasi. Wako pia waliobaki pale pale pa asili. Kauli zote mbili zina wenyewe, na si haki kumdhihaki anayeshika mojawapo. Sisi twaelekea kwenye ruhusa pale ambapo wasichana wawili au zaidi wanasafiri pamoja, kuna familia ya Kiislamu katika mji ule iliyokubali kuwapokea, na walii ameridhia kwa moyo wake, si kwa kushindwa na machozi. Lakini rai yetu si lazima iwe yenu. Mwendeeni mwanachuoni mmoja mnayemwamini, mumweleze hali kamili, kisha mshike alilosema. Kuzunguka kwa masheikh watano mpaka apatikane wa kusema mnalolitaka si kuuliza.

Na tusidhani kwamba safari ya elimu ni jambo lililoletwa na Wazungu. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Zanzibar mwaka 1925, alifika Hadhramaut, Istanbul na Misri. Katika karne ya tano ya Hijria, Karima al-Marwaziyya alitoka pande za Khurasani akaishia Makka, na wanazuoni wakubwa, akiwemo al-Khatib al-Baghdadi, wakamsomea Sahih al-Bukhari. Twasoma kwamba babake alikuwa pamoja naye katika kusafiri kwake. Hilo nalo tulitaje, ili hoja isiegemee upande mmoja.

Sasa tuje kwenye makaratasi, maana mizozo mingi hupoa pale watu wanapokaa kitako na kalamu. Tuchukue Ujerumani kuwa mfano. Huko masomo ya muhula wa baridi huanza katikati ya Oktoba na kumalizika katikati ya Februari. Ya muhula wa kiangazi huanza katikati ya Aprili na kumalizika katikati ya Julai. Vyuo vyetu vingi husomesha Septemba hadi Disemba, kisha Januari hadi Aprili. Basi anayekwenda Oktoba hurudi na kukuta muhula wa Januari umefika katikati, na mwezi mmoja wa kukosa darasa huweza kumgharimu mwaka mzima. Anayekwenda Aprili aghalabu husalimika, lakini atazame asigongane na mitihani ya mwisho wa muhula wa huku, au na miezi ya mafunzo ya kazi. Kalenda mbili ziwekwe mezani ubavu kwa ubavu, na mzazi azione kwa macho yake.

Jambo la pili ni masomo kuhesabiwa. Katika Ulaya muhula mmoja hupimwa kwa krediti 30, na kabla ya kuondoka huandikwa hati ya makubaliano ya masomo inayotiwa saini na watatu: mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea. Watu huitia saini hati hii kama wanavyotia saini risiti ya duka. Kijana mmoja tunayemjua alirudi na alama nzuri mno, akaambiwa kwamba masomo mawili hayafanani na ya huku, akayarudia yote mawili. Dawa yake ni kwamba kabla ya safari mkuu wa idara aandike, somo kwa somo, lipi la kule linashika mahali pa lipi la hapa. Na somo likibadilishwa baada ya kufika, kama inavyotokea mara nyingi, hati ibadilishwe na itiwe saini upya wiki hiyo hiyo.

Tatu ni fedha. Chini ya Erasmus+ chuo kinachopokea hakitozi karo, na posho ya mwanafunzi anayetoka nchi kama yetu imekuwa kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kulingana na nchi anayokwenda. Kuna pia fungu la nauli linalopimwa kwa umbali. Ukisikia hivyo waona mambo yamekwisha. Hayajaisha, kwa kuwa posho hutolewa kwa mafungu, na fungu la kwanza laweza kuchelewa, ilhali mwenye nyumba anadai kodi na amana siku ya kukabidhi ufunguo. Ujerumani kwa upande wake humtaka mwombaji viza athibitishe uwezo wa euro 992 kwa mwezi, kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024. Barua ya ufadhili husaidia sana katika hilo, lakini kama posho haikifikii kiwango, familia itatakiwa kuonyesha pengo litajazwa na nini. Fedha za mwezi wa kwanza na wa pili ziwe mkononi kabla ya tikiti kununuliwa, ziwe za akiba, za chama cha mama au za ami na mjomba. Mikopo ya simu yenye riba tusiikaribie; safari ya kutafuta elimu isianze kwa vita na Mola.

Viza nayo ina mtego wake. Ile ya kawaida ya nchi za Schengen huruhusu siku 90 tu katika kila siku 180, na muhula huzidi hapo. Kinachohitajika ni viza ya kitaifa ya nchi husika, ambayo huombwa Nairobi na huchukua wiki nyingi. Pasipoti lazima itangulie, na kabla yake kitambulisho. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa jinsi jina la babu linavyoweza kuzua maswali katika safari hiyo ya kwanza. Asiye na pasipoti leo asiomba muhula wa Aprili ijayo. Aombe wa mwaka utakaofuata.

Baadhi ya akina mama hutuuliza kuhusu hijabu, wakiwa wamesikia habari za Ufaransa. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2004 inahusu shule za serikali za msingi na za upili, si vyuo vikuu. Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani vilevile hakuna katazo la jumla. Kinachofaa kuulizwa kwa bidii zaidi ni malazi, kwani huko ghorofa moja ya wanafunzi aghalabu huchanganya wavulana na wasichana, wakishirikiana jiko na hata msala. Kama chuo kina sehemu ya wasichana peke yao, iombwe mapema, kwa maandishi.

Ibada haina likizo, na hapa vijana hukosea pasi na kujua. Wengi hupunguza sala muhula mzima wakidhani ni wasafiri. Kwa madhehebu yetu, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huwa ni mkaazi: husali timamu, na Ramadhani hufunga. Saa nazo hugeuka. Berlin mwishoni mwa Disemba jua huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, hivi kwamba kipindi kimoja kirefu cha darasa chaweza kuimeza adhuhuri yote. Juni huzama kama saa tatu na nusu usiku, na wekundu wa magharibi hauondoki sawasawa mpaka alfajiri iko mlangoni. Isha husaliwa kwa makadirio, na msikiti wa mji ule ndio wa kufuatwa. Aliyekwenda Istanbul atastaajabu imamu asipoleta kunuti katika sala ya alfajiri. Asimkosoe. Ni Mahanafi, na sala yao ni sahihi.

Chakula si tatizo kubwa kama tunavyodhani, kwa sababu Waturuki wamejenga makazi Ujerumani tangu miaka ya 1960 na maduka yao ya nyama halali yamo katika miji mingi. Tatizo ni mabegi yetu. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka Kenya kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, na samli ya bibi, hata ikifungwa vipi, itaishia kwenye pipa la forodha. Embe ngowe nalo halipiti bila cheti cha afya ya mimea. Matunda yaliyosamehewa cheti hicho ni matano tu: nanasi, ndizi, durian, tende na, kwa bahati yetu, nazi.