Simu Moja, Vivinjari Viwili

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, stesheneri yangu hapa Sumbawanga mjini hujaa wazazi wenye simu nzuri na bando lililokwisha. "Mwanangu, nimeweka bando asubuhi, limekwenda wapi?" Ukurasa wa matokeo wa NECTA hauna kosa. Ni mwepesi sana, maandishi na majedwali tu. Bando limeishia njiani. Mzazi ameandika "matokeo" kwenye simu, akaangukia blogu iliyosheheni matangazo, na kila tangazo simu imelipakua kwa pesa yake, awe amelitazama au hakulitazama.

Ndiyo maana nawasihi watu wachague wenyewe kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo ninazoziona zaidi mikononi mwa wateja wangu, mara nyingi huja na Chrome na Phoenix tayari ndani. Mtu hushika kile kilichokaa mbele, akabaki nacho mpaka simu ife.

Anayetoka bondeni, Muze au Mtowisa, namwekea Opera Mini. Ukishateremka Lyamba lya Mfipa kuelekea Ziwa Rukwa, kuna mahali mtandao unakuwa wa kubahatisha, na hapo ndipo kivinjari hiki kinapoonyesha thamani yake. Kilitoka Norway na kikasambazwa duniani mwaka 2006, enzi za simu za vitufe. Ukitumia hali yake ya kubana data zaidi, ukurasa hauji kwako moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye kompyuta za kampuni, picha zinapunguzwa, yasiyo ya lazima yanaondolewa, kisha unatumiwa kifurushi kidogo. Kwa mkulima anayetaka kusoma habari au kujua bei ya mahindi, sijaona kinachomfaa zaidi.

Ila ukurasa unaofunguliwa na kupangwa upya katikati ya safari umepita mikononi mwa mtu wa tatu. Neno la siri la benki halipaswi kupita huko, hata kama kampuni ni ya kuaminika. Na kuna jambo lingine, hili naliona kila msimu wa maombi. Fomu ya Bodi ya Mikopo au ya Ajira Portal hufanya kazi huku unaijaza: unachagua mkoa, wilaya zake zinajitokeza, unapandisha cheti, mfumo unakikagua. Ukurasa uliokwisha kubanwa njiani unaweza kushindwa kazi hiyo. Kitufe kinabonyezwa na hakiitiki, cheti hakipandi, na kijana anaamini kosa ni lake. Kazi za namna hiyo zinataka kivinjari kamili, Chrome au Firefox, na hali ya kubana data iwe imezimwa.

Nimewasikia wengi wakisema Chrome nayo inabana data. Ilikuwa hivyo zamani. Google waliiondoa huduma hiyo mwaka 2022. Mimi napendelea Firefox kwa simu za Android kwa sababu inakubali kuongezewa uBlock Origin, programu ndogo ya bure inayozuia matangazo yasipakuliwe kabisa. Brave inazuia matangazo bila kuongezewa chochote, na kwa mtu asiyependa kuhangaika na mipangilio ni rahisi zaidi. Simu ikiwa ya zamani, tazama kwanza toleo la Android: tangu mwishoni mwa 2023, Chrome mpya haziwekeki kwenye Android 7 na zilizotangulia, na kivinjari kisichopata masasisho si mahali pa kuingizia namba za pesa.

Kwa hiyo kwenye simu ya kawaida naweka viwili, chepesi cha kusomea na kamili cha fomu na pesa. Nyumba ambayo simujanja ni moja, mama, watoto na mjomba wote wanaitumia, naomba jambo moja zaidi: kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno la siri, kataa, na ukimaliza toka kwenye akaunti.

Baada ya kuviweka, ingia kwenye Mipangilio, upande wa programu, uteue kimoja kiwe kivinjari kikuu. Usipofanya hivyo, viungo unavyotumiwa kwenye makundi ya WhatsApp vitaendelea kufunguka kwenye kile kile ulichokikuta.