Nyumba ya Ndagara

Sinema za Kizungu zimetuzoesha kwamba nyumba yenye mizimu lazima iwe jumba la mawe, ngazi zinalia usiku. Karagwe kwetu nayo ilikuwa na nyumba ya namna hiyo, ila haikuwa na ngazi. Bibi yangu pale Kihanga alikuwa hataki kabisa tuwataje wafalme wa Bweranyange jua likishazama. "Hao hawalali," anasema, basi, mazungumzo yameisha.

Habari yenyewe nimekuja kuisoma nikiwa chuoni. Mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walipokelewa na Omukama Rumanyika wa ukoo wa Wahinda. Speke akaandika aliyosimuliwa. Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki hakuzikwa ardhini. Mwili ulipelekwa kilimani, ukajengewa nyumba, wakaingizwa humo wasichana 5 na ng'ombe 50, mlango ukazibwa. Wote wakafa kwa njaa. Baada ya hapo kila mwaka alichinjwa ng'ombe kaburini ili mazao yastawi. Na kabla ya kupelekwa kilimani, eti funza watatu waliotoka kwenye maiti ya Ndagara walipelekwa ikulu. Mmoja akageuka simba, mwingine chui, wa tatu fimbo.

Pale kwenye fimbo nilicheka, nakiri. Lakini tazama Rumanyika alivyokipata kiti. Ndugu zake wawili, Nnanaji na Rogero (naandika majina kama Speke alivyoyaandika), nao walikitaka. Ikaletwa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, ila mtu asiyekubaliwa na mizimu hawezi kuinyanyua. Rumanyika akaiinua kwa kidole cha mwisho. Rogero hakukubali matokeo, kukawa na vita, na Rumanyika akalazimika kusaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo. Yaani ngoma peke yake haikutosha.

Kwa hiyo aliyemsimulia Speke habari za mizimu ni mshindi mwenyewe, na ndugu aliyeshindwa bado alikuwa na wafuasi. Simba, chui, nyumba ya kilimani, vyote vilikuwa vinajibu swali moja: nani ana haki ya kututawala? Kazi ambayo leo tunaipa katiba na tume ya uchaguzi, wao waliipa mizimu. Ndiyo maana siwezi kuziita hadithi za kutisha watoto tu.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha niliwasimulia kidato cha pili haya yote, nikaeleza vizuri sana ya ngoma na siasa zake, nikaona somo limeeleweka. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, wale wasichana watano walikuwa wanaitwa nani?"

Nikarudi kwenye kitabu jioni ile. Ng'ombe wamehesabiwa, kilima kimetajwa jina. Wao wameandikwa idadi tu.