Farasi Anayetikisa Kichwa Anaumwa

Farasi anatembea vizuri, mara anarusha kichwa juu na chini kwa nguvu, anapiga chafya, anasugua pua kwenye goti la mguu wa mbele, utadhani nyuki kamwingia puani. Mpandaji akikaza hatamu, kichwa hurushwa zaidi. Miaka mingi farasi wa namna hii wameitwa wakaidi, wakavalishwa lijamu kali na mikanda ya kuvuta kichwa chini. Huko ni kumwadhibu mgonjwa. Utafiti wa miongo ya karibuni umeonyesha kwamba, magonjwa mengine yakishaondolewa katika hesabu, kinachomsumbua farasi huyo kwa kawaida ni maumivu ya neva ya uso, na matunzo yake yote yapaswa kuanzia hapo.

Neva inayohusika ni trigemina, yenye matawi matatu yanayopeleka kwenye ubongo hisia za macho, pua, meno na taya. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walipima ni umeme kiasi gani unaotosha kuiamsha. Kwa farasi wazima ilihitajika miliampea 10 au zaidi, ilhali kwa wanaotikisa kichwa 5 au pungufu zilitosha. Maana yake, upepo, mwanga wa jua au chavua, vitu ambavyo farasi mwingine havisikii kabisa, kwake huweza kuwasha moto wa maumivu. Na farasi mmoja aliyepimwa nje ya msimu wake wa kutikisa kichwa alionekana sawa na wazima. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika utafiti ule, kwa kuwa linaonyesha neva iliyolegeza ulinzi wake na inayoweza kuurudisha.

Wapo wanaouliza: kama ni maumivu, mbona zizini ametulia? Swali ni la haki. Lakini anapofanya kazi hewa hupita puani kwa kasi, naye hutoka kivulini na kukabili jua na vumbi, yaani hukutana na vichochezi vyote kwa pamoja. Tena wenye hali mbaya hutikisa hata wakiwa wamesimama. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kwa binadamu, maumivu ya neva hii mara nyingi huendana na kuharibika kwa utando unaoifunika, na watafiti wa Uingereza walipochunguza neva za farasi kwa hadubini hawakuona uharibifu huo. Hata hivyo, kutoonekana kidonda si ushahidi kwamba hakuna maumivu. Kunaonyesha kwamba kasoro iko katika utendaji wa neva, na kunasaidia kueleza kwa nini kuikata, upasuaji uliowahi kujaribiwa, kulileta matokeo duni na wakati mwingine vinundu vyenye maumivu mapya.

Haya yote hayampi mwenye farasi ruhusa ya kuruka uchunguzi. Jino bovu, utitiri wa masikioni, ugonjwa wa macho, kuvu nyuma ya koo, au tandiko linalobana, vyote huweza kumfanya farasi atikise kichwa, na baadhi hutibika. Lakini katika farasi 100 waliochunguzwa Uingereza na matokeo kuchapishwa mwaka 1987, sababu inayowezekana ilionekana kwa 11 tu, na kuirekebisha kulimaliza tatizo kwa wawili. Pasipopatikana kitu, daktari wa mifugo aweza kutia ganzi tawi la taya ya juu pande zote mbili. Kichwa kikitulia, neva imejitaja yenyewe.

Tiba ya kuanzia ni ya bei nafuu kuliko zote: wavu unaofunika pua. Hauna madhara, na wamiliki wengi huona nafuu, ingawa si kupona. Kinyago cha kuzuia mwanga huwafaa wale wanaochokozwa na jua. Dawa kama saiproheptadini na kabamazepini huwasaidia baadhi, lakini matokeo hayatabiriki. Wavu ukishindwa, kuna kuchochea neva kwa umeme mdogo kupitia sindano chini ya ngozi, njia iliyoendelezwa Bristol, Uingereza. Katika kundi kubwa lililoripotiwa mwaka 2020, takriban nusu ya farasi walipata ahueni, ingawa tiba hulazimika kurudiwa.

Virutubisho vya kuchanganya kwenye chakula viangaliwe kwa makini zaidi. Katika jaribio la farasi 32 lililochapishwa mwaka 2013, wamiliki waliona nafuu hata farasi walipopewa unga usio na dawa yoyote. Tena ugonjwa huu kwa wengi hupanda majira ya kuchipua, mchana unaporefuka, na kushuka baadaye wenyewe, hivyo kitu chochote kilichotolewa mwishoni mwa kiangazi kitapewa sifa isiyo yake. Karibu na ikweta, kwa mfano kwa wafugaji wa farasi wa Nairobi, urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo kalenda ya Ulaya haitoshi kuwa mwongozo. Njia ya uhakika zaidi ya kujua kama tiba imefaa ni kumpiga video farasi kwenye njia ileile, saa ileile, kabla na baada ya tiba, kisha kumpa mtu asiyejua ipi ni ipi ahesabu mitikisiko.