Randi, dola, jinzi: mji unapogeuka kitu



Wapo wenzetu wanaokasirika wakisikia maneno kama dola, jinzi na marathoni. Wanasema hayo ni ya Kiingereza, tuyafukuze. Mimi naona tusiwe na haraka, maana Kiingereza chenyewe kiliyaokota njiani. Asili yake ni majina ya mahali.

Naanzia hapa ninapokaa. Hillbrow, kitongoji cha Johannesburg, kiko juu ya mgongo wa vilima uitwao Witwatersrand, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1886. Watu wakalikata jina, wakasema Rand tu. Tarehe 14 Februari 1961 Afrika Kusini ilipoacha pauni, fedha mpya ikaitwa hivyohivyo. Sisi tukaongeza irabu: randi.

Na dola je? Mwanzoni mwa karne ya 16, mji wa Joachimsthal huko Bohemia (leo Jáchymov, Jamhuri ya Czech) ulitoa sarafu za fedha zilizoitwa Joachimsthaler, yaani za Joachimsthal. Wajerumani wakafupisha wakasema thaler, Waholanzi daalder, Waingereza dollar. Sarafu za ukoo huo, zenye sura ya Maria Theresa, zilitumika sana Unguja karne ya 19, ila wenyeji waliziita reale. Sasa, thal ni bonde. Wahenga walisema milima haikutani. Lakini kwenye maduka ya kubadilisha fedha mgongo wa Johannesburg hukutana kila siku na bonde la Bohemia!

Jinzi ni Genoa kwa matamshi ya Kifaransa, na marathoni ni mji wa Ugiriki uliotoa jina la mbio za Olimpiki ya Athens mwaka 1896.

Njia ni ileile. Kwanza husemwa "kitu cha mahali fulani". Kisha "kitu cha" huanguka, likabaki jina la mahali. Mwishowe mahali penyewe husahaulika. Na sisi tumefanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cha pamba, tukakiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) vikaivuruga biashara ile, baadaye viwanda vya Bombay vikafuma kitambaa cha namna hiyo, na bado watu wakaomba merikani. Jina lilikuwa limeshaachana na mahali.

Kipimo changu ni sarufi. Mji tunausemea kama mahali: Mombasa kuna joto. Kitu kina upatanisho wake: randi zimeniishia, jinzi imechanika, dola imepanda. Neno likishafika hapo, likaandikwa kwa herufi ndogo, basi ni letu bwana, limeshajenga nyumba.

Kwa hiyo kamusi zinapobandika "Kiingereza" tu kando ya dola, zinatutajia kituo cha mwisho cha basi, sio safari. Na anayetaka kuifukuza jinzi atuambie kwanza: airudishe London, au Genoa?