Shukrani kwa Wapagazi wa Vita

Twapita Kariakoo ya Dar es Salaam, au Kariokor ya Nairobi. Je, twaijua asili ya majina hayo? Yatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi hao waliwachukulia askari chakula na risasi vichwani mwao. Zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi, wala wengi hawana kaburi lenye jina. Sanamu ya Nairobi ya mwaka 1928 yamwonyesha mpagazi pamoja na askari, lakini jina lake haina. Basi shukrani yetu na iwe hii: tuwaulize wazee majina ya jamaa zetu waliokwenda wasirudi, tuyaandike, tuwasomee watoto.